Jani la Sale Nililorudi Nalo

Barua ya mjukuu wangu ilikuwa na mstari mmoja tu: "Bibi, njoo unichukue." Alikuwa na wiki tatu kidato cha kwanza, shule ya bweni ya binafsi, upande wa Machame. Mimi ndiye niliyemlea hapa Kibosho tangu mama yake ahamie mjini kikazi, na mimi ndiye niliyemwahidi mkuu wa shule kwamba mtoto huyu hatakatisha masomo. Nimesoma hadi darasa la nne tu, lakini neno langu nikishalitoa silirudishi mdomoni.

Kwa hiyo asubuhi ya siku ya kutembelea wanafunzi nilikata jani la sale pale mpakani mwa shamba. Kwetu Wachagga, ukimkosea mtu unampelekea sale, naye akiliona hawezi kukunyima msamaha. Nikalifunga ndani ya kanga. Nilikuwa nakwenda kuvunja ahadi, basi niivunje kwa adabu.

Getini mlinzi akachungulia kikapu changu.

"Shikamoo bibi. Chakula cha nyumbani hakiingii."

"Marahaba. Basi na mimi usiniingize, maana nimejaa mtori wa ndizi."

Akacheka, akanifungulia. Ndizi zangu za kuchoma akabaki nazo.

Nikaambiwa nisubiri, watoto wanajisomea. Nikapita kando ya dirisha la ukumbi, nikasimama. Wasichana wamejaa ukumbi mzima, sweta za rangi moja, mwalimu hakuna, na hakuna anayesema neno. Nilisikia kurasa zikifunuliwa. Kimya cha namna ile sijakipata hata kanisani siku ya Ijumaa Kuu. Mjukuu wangu alikuwa safu ya tatu. Nikakohoa. Hakuinua kichwa. Nikakohoa tena, kile kikohozi changu ambacho nyumbani kinamtoa hata chooni. Wapi!

Kengele ilipolia akaniona, akaja mbio, akanikumbatia, akaanza kulia.

"Bibi, barua ulipata?"

"Nimepata. Kafunge sanduku lako."

Akafungua mdomo anijibu, kengele nyingine ikalia. Akafuta machozi kwa mkono wa sweta.

"Bibi, ngoja kwanza. Leo zamu yangu kugawa. Nisipokwenda wenzangu hawali."

Akakimbia. Nikamfuata hadi mlango wa bwalo. Meza moja watoto kumi, na sheria yao ni kwamba anayegawa anajipakulia mwisho, kinachobaki ndicho chake. Kwetu nyama inagawiwa kwa ukubwa wa umri, mimi napewa kwanza. Na huyu mtoto, nyumbani alikuwa anajichagulia kipande sufuria ikiwa bado jikoni. Nilimchapa kwa hilo, wala hakuacha.

Sasa ameshika upawa, anapima. Msichana mmoja mkubwa akamchokoza, "Mgawaji, mbona unanipimia kama dawa?"

"Dada, hiyo ni kutwa mara tatu. Ukipona njoo unishukuru."

Meza nzima ikacheka. Alipofika kwake palikuwa na ukoko wa wali na mchuzi wa maharage usio na maharage. Akakaa, akala, anaongea na wenzake. Nimelea watoto sita na wajukuu, na kumfundisha mtoto kujipakulia mwisho sikuwahi kuweza.

Mkuu wa shule akanikuta hapo hapo. Naye ni Mchagga. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye ncha ya jani iliyochomoza kwenye kanga.

"Shikamoo mama. Hilo sale ni la nini?"

"Marahaba, mwalimu. Nilikuja kuomba radhi."

"Kwa kosa gani?"

"Kosa lenyewe sijalifanya. Na nimeghairi."

Nikamsogelea mjukuu wangu, nikamwambia, "Sanduku liache. Likizo nitakuja kukuchukua, nawe utatugawia nyumbani."

Machozi yakamlengalenga tena, kisha akaitikia kwa kichwa. Hakunisindikiza getini. Anayegawa ndiye anayesugua sufuria, na nilipogeuka alikuwa ameinama juu yake, mikono mapovu mpaka viwikoni.