Nilivyofukizwa Udi Niende Kupimwa

Mwaka jana nesi alinipaka siki kwenye mlango wa kizazi, na sehemu moja ikageuka nyeupe pasipotakiwa weupe. Siki, ile ile ya kachumbari. Nilikuwa nimejiandaa kwa mashine kubwa yenye taa, angalau kitu kilichotoka Ujerumani. Wakapachoma siku hiyo hiyo, kisha wakaniambia nirudi baada ya mwaka kupima kirusi cha HPV, maana ndicho kinacholeta mabaka hayo, na mabaka yakiachwa huweza kugeuka saratani. Kikiwa kimeondoka, nitapumua. Kikiwa bado kipo, huenda naanza safari aliyokwenda mama yangu, na mama hakurudi.

Mama alifia chumba cha uani, kwenye nyumba hii hii tunayokaa, mtaa wa Gerezani. Ugonjwa wake uliitwa tumbo mpaka siku ya mazishi. Aliyemuuguza ni shangazi, dada yake baba, na kutwa alikuwa akikoleza udi kwenye chetezo ili wageni wasisikie harufu. Wageni waliusifia udi. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi, na hadi leo nikipita kwenye maduka ya udi Kariakoo, huharakisha hatua.

Hapo hapo Kariakoo nauza mapazia. Mtaa wetu unajua nyumba yako ina madirisha mangapi na uligombana na nani mpaka ukaamua kununua pazia jipya. Ukitamka neno kirusi pale, jirani atakupa pole mbele yako na kukuzika ukigeuka. Kwa hiyo nilimwambia shangazi tu. Kwa maradhi ya watu shangazi ni mkali: mficha maradhi kilio humfichua, huwaambia majirani wote, hata mwenye mafua. Siku hizi amezidisha na udi, anafukiza hata Jumatatu isiyo na mgeni. Nilidhani ni mapambo ya uzeeni.

Asubuhi ya kipimo nilimkuta ananisubiri na chetezo. Lazima nieleze kwamba shangazi ndiye kungwi wangu, aliyenifunda nilipovunja ungo na aliyeniandaa nilipoolewa, na mamlaka yake juu ya sehemu hizo za mwili wangu hayajawahi kuisha muda. Ndoa imekuja ikaondoka, mamlaka yamebaki. Kwake yeye, mwanamke haendi kuvua nguo mbele ya mgeni bila kuandaliwa. Akaniogesha kwa maelekezo, akanisafisha hadi ndani kwa maji ya waridi na shabu, kisha akanikalisha kwenye kigoda juu ya moshi, khanga imenizunguka. Mimi huyu, ninayebishana na wanunuzi wa jumla kutoka Kongo mpaka wanaomba maji, nilikaa kama mwari. Nilikuwa naogopa mno, na mwoga hufurahi kuambiwa la kufanya.

Kliniki, nesi aliniamkia shikamoo, akafungua mlango wa chumba, akasimama. Chumba kizima kilinukia harusi. Akakirudisha mezani kijiti chenye pamba cha kupimia, bila kukifungua.

"Mama, umejisafisha mpaka ndani?"

"Vizuri sana," nikajibu kwa fahari.

"Basi leo tutapima marashi."

Akanieleza bila kunicheka, ingawa nilistahili kuchekwa. Kijiti kinakusanya majimaji na chembe za ndani. Ukishazisuuza, kinaweza kusema hakuna kitu na kumbe kipo. Nirudi keshokutwa, nisijioshe ndani, nisijifukize. Shangazi aliposikia hayo alinuna mchana kutwa, akauliza kama hao watu wa hospitali wana mama zao.

Keshokutwa nilirudi nikinuka binadamu. Nesi akanipa kijiti nijichukue mwenyewe nyuma ya pazia. Pazia lenyewe lilikuwa fupi, pindo limefumuka, nikajizuia kuwatajia bei. Nilikiingiza, nikakizungusha kama nilivyoelekezwa, nikakitumbukiza kwenye kichupa. Kupima dirisha huchukua muda mrefu zaidi.

Kusubiri majibu ndiko kulikonimaliza. Niliwakatia watu mapazia mafupi, wakarudi wanagomba, nikagomba kuwashinda. Waliponipigia simu niende, nilifunga duka bila kumuaga mtu. Nesi akaangalia karatasi, akaniangalia, akasema kirusi hakikuonekana, ila nisiache kurudi watakaponiita. Nililia mpaka akaniletea kiti kingine, sijui cha nini, nilikuwa nimeshakaa.

Nyumbani shangazi alikuwa anachagua mchele. Nilimpa habari, akamshukuru Mungu, kisha akasema nilichojua atasema: udi ule ulifanya kazi.

Hasira zikanipanda. Nilimwambia udi haujawahi kumponya mtu katika nyumba hii, ulichofanya ni kumfunika mama mpaka akaisha. Nilisema kwa sauti, na wapangaji walisikia. Shangazi akaendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja baada ya jingine, akiwa ameinamisha kichwa.

"Kile kijiti," akauliza baadaye, "wanampa hata mtu aliyekwishakoma hedhi?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Mwaka huu wote najifukiza kila siku," akasema. "Harufu haiondoki."

Chetezo kilikuwa mlangoni kwake, kinafuka. Nilikuwa nakiruka kila asubuhi nikienda dukani. Nilikimwagia maji, nikamwambia kesho alfajiri tunaenda wote, na asijioshe ndani.