Kidole Gumba cha Mkimbizi

Juzi nilipeleka dagaa kwa wauguzi wa zahanati ya kambini, nikabaki benchini kusikiliza ya watu. Daktari alikuwa anamweleza mama mmoja wa Burundi kwamba wanajaribu dawa mpya ya malaria, na mtoto wake ataingizwa kwenye jaribio hilo yeye mama akiridhia. Hajamaliza, mama kishanyoosha kidole gumba kipakwe wino, kama kwenye mgao wa mahindi.

Mkaguzi aliyeletwa kulinda wanaojaribiwa dawa akamzuia mkono. “Dada, ukikataa itakuwaje?”

“Tutanyimwa mahindi. Halafu turudishwe kwetu.”

“Nani kakwambia?”

“Hakuna aliyeniambia kwamba haitakuwa hivyo.”

Mkaguzi akamhakikishia kuwa hata akikataa mtoto atatibiwa kwa dawa ya kawaida, na mahindi yake yapo palepale. “Sasa sema utakavyo mwenyewe.”

Mama akamtazama daktari, akamtazama mkaguzi. Kisha akaninong'oneza mimi muuza dagaa: “Bibi, huyu naye anataka nimjibu nini?”

Mnong'ono ule mkaguzi aliusikia. Akaamuru wino uondolewe mezani, na mtoto asiguswe na dawa ile mpya. Niliondoka naogopa, wenzangu. Aliyekimbia bunduki hata ruhusa ya kukataa huisikia kama amri.