Dereva wa lori la maziwa asiyetoa mkono

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Noreen Looby anapachika bomba la lori lake kwenye tangi la maziwa la mfugaji mmoja wa mkoani Tipperary, kisha hatulii. Wenzake huegemea gurudumu wakanywa chai. Yeye anapima ua kwa miguu. Hatua nne kubwa, anageuka. Hatua nne, anageuka tena.

"Noreen, unampimia nani kaburi?" mfugaji anamtania kutoka mlangoni mwa zizi.

"Wewe, ukiendelea kunichelewesha!"

Hatua nne za mtu ni hatua moja ya farasi anayekimbia, na ndivyo inavyopimwa nafasi kati ya kiunzi na kiunzi. Noreen, mwenye miaka 46, ndiyo kwanza anaanza mchezo wa farasi wa mitihani mitatu. Asubuhi farasi hutembezwa kwa adabu mbele ya jaji, mchana huruka miti iliyopangwa uwanjani, halafu hutimua mbio mashambani akiruka magogo, mitaro na maji. Yote kwa siku moja, farasi yuleyule na mpandaji yuleyule.

Ila leo akili yake haiko kwenye viunzi. Mossie Crehan, mchuuzi wa farasi anayejulikana tarafa nzima, anamtaka farasi wake. Anakuja jioni kuchukua jibu.

Farasi mwenyewe anaitwa Padre, kwa sababu ya alama nyeupe iliyomzunguka kooni kama kola ya padri. Noreen alimnunua kwa euro 1,200 kutoka zizi la farasi wa mashindano ya mbio.

"Alikimbia mara kumi na tatu, hakufika hata wa tano," anasema. "Walikuwa wanamfukuza tu, masikini."

Pesa hizo zilikuwa akiba ya kumpeleka mama yake kuhiji Lourdes. Mama hakuifikia safari.

"Nilimuuguza miaka tisa. Alipoondoka, bado nilikuwa naamka kwenda kumgeuza, nakuta kitanda kitupu. Jamani, nilihitaji kiumbe wa kuamkia."

Kumnunua kulikuwa rahisi. Kumweka ndiyo kazi. Tandiko la mtumba lilikula euro 450. Kofia ngumu na kinga ya kifua hazinunuliwi mtumba, maana hujui nani ameshaanguka nazo. Hapo 380 nyingine. Fundi wa kwato huja kila wiki sita akaondoka na 95. Somo moja kwa mwalimu ni 40, ada ya shindano moja 75, na daktari wa mifugo hata hataki kumtaja. Mshahara wake wa wiki ni euro 650.

"Koti hili limemzidi farasi umri," anasema, akivuta mkono uliochanika.

Shindano lake la kwanza, mwezi uliopita, liliharibika kwa kosa ambalo ni la watu wa huku tu. Kabla ya kupanda, kila mtu huikagua njia kwa miguu, akifuata namba za viunzi vya daraja lake. Wanaoanza hufuata za waridi, wazoefu za zambarau. Noreen akakutana njiani na mama mmoja wa zambarau, na huku kwetu humpiti mtu bila kuzungumzia mvua. Wakaanza na mvua, wakaingia kwenye bei ya nyasi, wakamalizia na msiba wa jirani. Kufika kiunzi cha kumi na moja, njia ikagawanyika, na Noreen akafuata mazungumzo.

Alasiri akamwelekeza Padre palepale, kwenye gogo la zambarau lenye mtaro nyuma yake. Padre akaliruka kama anavuka kizingiti cha mlango.

"Nikajisemea, lo, leo tunaruka!" Noreen anakumbuka. "Halafu nikasikia filimbi."

Akaondolewa shindanoni. Lakini Mossie Crehan alikuwa amesimama kando ya mtaro ule ule, na macho yake hayakukosea. Kesho yake akapiga simu: euro 9,000.

Hapo ndipo ugomvi ulipoingia nyumbani. Dhoruba ya Februari iliezua paa la banda wanalomiliki pamoja Noreen na mdogo wake, Con, na fundi anataka 7,800. Tangu hapo banda limefunikwa turubai, na turubai halijui kunyamaza.

"Dada, farasi huyo ni paa linalokula nyasi," Con amekuwa akimwambia kila mlo.

Jioni Mossie anaingia uani, kofia kisogoni. Hazungumzi sana. Anatema mate kiganjani na kunyoosha mkono. Huku kwetu mkono ukishapigwa, biashara imekwisha. Hakuna karatasi inayoushinda. Noreen ameushika ugwe wa Padre kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko mfukoni tangu gari lilipoingia.

"Elfu tisa na mia tano, mama. Usinitie aibu mbele ya farasi."

Con, aliyesimama kando yao, anafanya kama madalali walivyofanya tangu enzi za babu yake. Anaukamata mkono wa dada yake, anautoa mfukoni, anauvuta kuelekea kiganja cha Mossie. Mkono unatoka umekunjwa ngumi.

"Ufungue, dada."

"Vunja vidole, Con. Vikifunguka, umeuza."

Machozi yanamtoka Noreen bila yeye kuyafuta. Con anaitazama ile ngumi. Ni mkono uliomgeuza mama yao miaka tisa, wakati yeye akifanya kazi Uingereza. Anauachia.

"Mossie, nenda zako," anasema taratibu. "Turubai litahimili mpaka Oktoba."

Noreen ameshaomba njia ya ziada ya maziwa kila Jumamosi, ili paa lipatikane pole pole. Jumapili ijayo anarudi mashindanoni. Mara ile, kwenye orodha ya matokeo, mbele ya jina lake paliwekwa herufi ya walioondolewa.

"Nataka namba," anasema. "Hata ya mwisho, lakini iwe namba."

Con atakwenda naye kuikagua njia. Ameahidi kutembea mbele, na yeyote atakayetaja mvua atajibiwa na yeye.