Sehemu ya Mgongo na Mama Aliyeikabidhi

Mimi Ildefonsa nimeimba mbele ya magari yenye bendera, nimewavisha wageni wa mkoa mashada ya maua, na hakuna hata mmoja aliyenitetemesha. Aliyenitetemesha ni Secilia, mama yake Protasi, mjane aliyekuwa akiuza maharage gulioni Nyakahura na kuondoka kabla hujajua kama alikuwapo. Nikianza kumsimulia, wajukuu zangu huniambia, "Bibi, umeanza tena." Ndiyo, nimeanza tena. Asiyetaka kusikia akachunge mbuzi.

Secilia alikuwa Mhangaza wa kule Murusagamba. Mumewe alikwenda Uganda kuchuma kahawa ya watu, mtoto akiwa bado ananyonya, akapotelea huko. Si barua, si salamu. Mwaka 1974, watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, alimfuata kaka yake hadi kijiji chetu kipya jirani na Nyakahura, tukachanganyika Wahangaza, Wasubi na Wasukuma waliotoka Shinyanga na ng'ombe wao. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia maharage tu: shilingi, kopo, hapana. Mkutanoni alikaa nyuma kabisa, na ukimwuliza jambo alitabasamu akatazama miguu yake. Sisi wasichana tulimwona mshamba, nami nilikuwa wa kwanza kulisema hilo. Mungu anisamehe mdomo wangu.

Mwanawe Protasi alikuwa mtu mwingine kabisa. Kijiji kilikuwa na mchezo wa kuigiza wa watu wazima, uliotungwa na darasa la kisomo, kuhusu mnyonyaji mmoja aitwaye Mzee Kupe mwenye kitambi cha matambara. Ulikuwa mchezo wa mafunzo, na kusema kweli ulichosha. Katikati aliingia mtoto wa Mzee Kupe, kijana mvivu aitwaye Mgongo, dakika mbili tu, akalalamika mgongo unamwuma, akatoka. Sehemu hiyo akapewa Protasi, miaka kumi na saba. Loo! Tangu siku hiyo Mzee Kupe kwisha habari yake. Akisimama kuhutubia, watu wanapiga kelele, "Tuleteeni Mgongo!" Mzee aliyemwigiza Kupe akasusa wiki mbili nzima. Mwishowe mwenyekiti wa kijiji, Bwana Kazimili, akasema, "Vijana, mchukueni Mgongo wenu mkafanye mchezo wenu, mtuachie wazee heshima yetu." Ndivyo ulivyozaliwa "Mgongo na Wenzake", kila Jumamosi alasiri kwenye uwanja wa shule. Mimi nilikuwa kiongozi, na niliigiza shangazi yake Mgongo, mwenye fimbo.

Mchezo ulianza hivi. Ringi ya lori inagongwa, watu waende shamba la kijiji. Mgongo amelala kwenye mkeka. Namwambia, "Amka!" Anashika kiuno. "Shangazi, mgongo huu si wangu peke yangu. Ni mali ya kijiji. Ukivunjika leo, hasara ni yetu sote." Nikitaja ugali, anaruka mzima. Namwuliza, "Mgongo umepona?" Hapo ndipo Protasi alipokuwa na uchawi wake. Hajibu. Anajikuna sikio kwa kidole cha mwisho, anawatazama watu mmoja mmoja kama anayemtafuta mbuzi wake kundini, mpaka watu wanaanza kucheka bure. Ndipo anasema, taratibu, "Umepona upande wa ugali. Upande wa jembe bado." Watu mbavu hawana! Na mihogo ya kijiji ilipaliliwa vizuri mwaka ule, maana hakuna aliyetaka kuitwa Mgongo.

Waigizaji hawakukaa. Adelfina, aliyekuwa mchumba wa Mgongo, aliolewa kweli, na mwanaume mwingine. Desderius alichaguliwa kwenda sekondari, tukamlilia na kumwonea wivu kwa pamoja. Katika miaka minne nilimbadilisha mchumba wa Mgongo mara tatu, hata watu wakawa wanamtania Protasi njiani, "Huyu wa sasa naye utamwacha lini?" Karatasi hatukuwa nazo, mchezo wote ulikuwa vichwani. Kwa hiyo tuliweka sheria moja: anayeondoka anakabidhi. Alasiri tatu, mbele ya wote, anaigiza sehemu yake, na mrithi anamfuata mpaka ameishika. Tuliiga ofisi ya kijiji, ambako katibu haondoki bila kukabidhi mhuri. Asiyekabidhiwa haigizi. Sheria hiyo niliitunga mimi, na nilikuwa mkali nayo kuliko polisi.

Kisha vita. Novemba 1978 adui alikuwa ameingia mpaka mto Kagera, na lori la kuchukua mgambo lilifika kwetu Alhamisi asubuhi. Kufika saa sita mchana lilikuwa limeondoka na vijana kumi na mmoja, Protasi akiwamo. Alitupungia mkono mmoja huku mwingine ameshika kiuno, watu wakacheka na kulia. Hakukabidhi. Nani angewaza mambo ya kukabidhi? Tulidhani ni wiki mbili.

Mwezi wa pili nilivunja sheria yangu mwenyewe, nikampa Mgongo kijana mmoja mwenye sauti nzuri. Alijua maneno nusu, nusu akabuni. Watu walikaa kimya kama kanisani Ijumaa Kuu. Akatoka analia, na hakunisemesha mpaka mavuno.

Mwezi wa nne Bwana Kazimili aliitwa wilayani, akarudi kofia iko mkononi. Protasi ameuawa karibu na Masaka, amezikwa huko huko. Sasa kwetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, wazee hukata shina la mgomba, wakalivika sanda, wakalizika kama mtu, ndipo matanga yanaanuliwa na wafiwa wanapumua. Secilia alikataa. Wazee walimwendea mara tatu, na mara zote tatu aliwajibu neno moja: "Bado." Na hakulia, hata chozi moja. Watu wakaanza kunong'ona kwamba akili zimemruka. Mimi nikatangaza kwamba mchezo umekufa.

Mwezi wa sita, alasiri, tulikuwa darasani tunagawana nguo za mchezo, kila mtu arudishe aliyoazima kwao. Mlango ukafunguka, akaingia Secilia. Tukasimama wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kisha akasema kwa Kihangaza, nami nawaambieni kwa Kiswahili: "Ildefonsa, nasikia mna sheria. Anayeondoka anakabidhi."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu hakukabidhi."

"Hapana, mama."

"Basi nimekuja kumkabidhia. Nani anapokea?"

Nikajua kweli, masikini, amechanganyikiwa. Nikamwambia kwa ule upole wa uongo tunaowapa wagonjwa, "Mama, nenda kapumzike. Mchezo wenyewe ni wa Kiswahili." Akavua kitenge cha begani, akakitandika sakafuni, akalala juu yake. Akashika kiuno.

"Shangazi," akasema, "mgongo huu si wangu peke yangu."

Yesu na Maria! Kwa Kiswahili! Kiswahili cha shule, kilichonyooka, na mwendo wa sauti ni wa Protasi mtupu, kupanda kwake na kushuka kwake, kikitoka kwa mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akitamka maneno matatu mfululizo katika lugha hiyo. Nikasahau kwamba shangazi ni mimi na zamu ni yangu, akanikazia macho mpaka nikaokota fimbo na kumwitikia. Akaenda nayo yote, michezo ya miaka minne, ule wa posa, ule wa daktari wa ng'ombe, ule wa Mgongo kujificha ghalani, bila kukosea neno. Tulipofika kwenye ugali akaruka, mama mtu mzima wa miaka arobaini na tano. Akasimama, akajikuna sikio kwa kidole cha mwisho, akatutazama mmoja mmoja. Haki ya Mungu nilicheka, huku machozi yananiingia mdomoni.

Nikamwuliza ameyajuaje yote hayo. Akasema Protasi alikuwa akijifunza jikoni kila siku wakati yeye anamenya ndizi, na alihitaji mtu wa kumjibu.

"Maneno mengine sijui maana yake," akasema. "Hasara ni nini?"

Tukamweleza. Akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nakaa chini.

"Baba yake alipotea Uganda, nikamngoja, nikamngoja, mpaka nikaisahau sauti yake. Leo siijui. Huyu naye mnataka nimzike. Nikimzika sauti yake ikiwa kwangu peke yangu, siku nikisahau imekwisha. Nataka kwanza iwe kwa mtu mwingine. Nataka niwasikie watu wanaicheka. Hapo nitawaambia wazee."

Kumbe ile "bado" yake ilikuwa na maana, na sisi wenye Kiswahili kingi hatukumwuliza hata siku moja.

Nani anapokea? Wavulana wote walitazama chini. Kuvaa koti la marehemu si mchezo, na wote walikuwa rafiki zake. Aliyejitokeza ni Limi, msichana mgeni kundini, binti wa Mzee Bulugu, Wasukuma waliohamia kwetu Desemba. Hakumjua Protasi hata kwa sura.

"Mimi," akasema.

Nikaropoka kwamba Mgongo ni mwanaume. Secilia akanigeukia. "Na mimi ni mwanaume?"

Alasiri tatu zikageuka tisa. Nimewaona walimu wakali, lakini yule mama alikuwa balaa. "Bado, umewahi mno," alikuwa akimwambia Limi, nami nikitafsiri. "Ngoja. Wakuchoke kidogo, halafu useme." Siku moja Limi aliingiwa na huruma, sauti ikaanza kumtetemeka, Secilia akampiga kofi mkononi. "Usimlilie! Mgongo hajafa. Mgongo ana njaa." Mzee Bulugu naye alikuja kufoka kwamba binti yake anavishwa nguo za maiti, atapata mkosi. Secilia akamkalisha kwenye dawati, akamwigizia posa ya Mgongo mwanzo mpaka mwisho. Mzee akaondoka anajifuta macho, akasema tu Limi asichelewe kuchota maji. Siku ya tisa Limi alijikuna sikio, akangoja, na mimi niliyekuwa na fimbo mkononi nikasahau nipo wapi. Secilia akasema, "Ameshika." Akajifunga kitenge chake akaenda nyumbani.

Tulicheza Saba Saba, mwaka 1979. Watu walijaa hadi watoto wakapanda juu ya paa la ghala. Secilia, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akisimama nyuma ya watu wote, alikaa mbele.

Limi akaanza. Neno la kwanza kimya. La pili kimya. La mgongo kuwa mali ya kijiji, kimya. Nilijua sababu, maana niliwaona: hakuna aliyekuwa akimtazama Limi, walikuwa wanamtazama mfiwa. Nani acheke mbele ya mama ambaye matanga yake hayajaanuliwa? Ulikuwa utu wao, na utu huo ulikuwa unakwenda kumnyang'anya Secilia kitu pekee alichokuwa anakitaka duniani. Nikatamani kuwachapa wote kwa ile fimbo.

"Mgongo umepona?" nikauliza.

Limi hakujibu. Akajikuna sikio. Akaanza kuwatazama, mmoja mmoja, mpaka macho yakafika kwa Secilia, akasimama hapo, akangoja. Akangoja mpaka mimi mwenyewe nikataka kukimbia.

"Umepona upande wa ugali," akasema. "Upande wa jembe bado."

Secilia akacheka. Hakuna pale aliyewahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, kibaya, cha kukwaruza, kilichomwinua kwenye benchi. Na uwanja mzima ukalipuka! Watu walishikana mabega, Bwana Kazimili akaanguka na kiti chake, watoto kule juu ya ghala wakapiga mabati mpaka tukadhani paa linashuka. Kwa mara ya kwanza tangu lori lile, kijiji kilicheka. Nami niliona, huku naendelea kuigiza, yule mama amejishika mbavu anacheka, halafu mabega yakabadilika, nikajua sasa analia. Alilia miezi yote mitatu kwa mara moja, na wanawake waliomzunguka wakamshika mikono, wengine wanacheka bado, hawajui wafanye lipi.

Mchezo ulipokwisha nilimwendea nikapiga magoti.

"Pole, mama," nikasema.

Akajifuta uso kwa kitenge. "Wote wamecheka?"

"Wote, mama."

"Hata wa nyuma?"

"Hata wa nyuma."

Akamtazama Limi, aliyekuwa amezungukwa na watoto wanaomwita Mgongo, Mgongo, njoo, ugali umeiva.

"Basi," akasema, "waambie wazee wakate mgomba."