Kahawa ya Uani kwa Nakhle

Wadiha alikuwa fundi cherehani wa Zahle, aliyefiwa na mume miaka kumi na moja iliyopita, na hakuna aliyewahi kumwona akibabaika mbele ya kitambaa. Akishika mkasi, amekata. Basi ilikuwa kioja kumwona asubuhi ile ya mwezi wa tisa, kwenye kiti cha mbele cha gari la Jamile, hajui hata kama anataka gari lifike au liharibike njiani.

Rafiki zake wawili walikuwa wameipa safari jina la heshima: wanakwenda kuonja divai ya vilima vya Batroun, jioni warudi. Watu wa Zahle, mji wenye divai yake, kwenda kuonja divai ya pwani! Jamile, aliyekuwa anaendesha, alicheka tangu mlimani.

"Upepo wa bahari unaipiga ile mizabibu mchana kutwa," alisema. "Hiyo si divai, ni maji ya achari."

"Nani kakuambia tunafuata divai?" alidakia Ramza kutoka nyuma, kapakata boksi la halua lenye utepe wa dhahabu. "Tunampeleka bibi harusi."

"Sijasema ndiyo," alisema Wadiha.

"Na hapana hujasema, mwenzangu. Mwezi mzima umetuweka roho juu."

Ilikuwa kweli. Nakhle, mkulima wa mizabibu wa vilima hivyo, naye mgane, aliingia dukani kwa Wadiha mwezi wa tano na koti lililochanwa na msumari wa pipa. Akarudi na suruali. Mara ya tatu alileta shati, na Wadiha alipoutazama mpasuko alijua: huo ni wa mkasi, tena mkasi butu. Alilishona, hakusema kitu. Mwezi wa nane Nakhle akaja mikono mitupu.

"Njoo kwangu wakati wa mavuno," alimwambia. "Nitakumiminia kahawa. Ukirudisha kikombe ukasema 'daima', nitajua umekubali. Ukikirudisha kimya, nitajua pia, na sitakusumbua tena."

Daima ndiyo shukrani ya kila mnywa kahawa kwao, kumtakia mwenyeji kahawa isikome nyumbani mwake. Wadiha alikwisha kuisema mara elfu bila kufikiri. Sasa neno lenyewe lilimkaa kooni mwezi mzima. Ana miaka hamsini na tisa. Aache duka, aache kaburi la mumewe, akaishi na mwanamume anayechana mashati yake mwenyewe? Aliamka na ndiyo, akalala na hapana.

Walipoacha barabara ya pwani na kuanza kupanda, simu ya Jamile ikapoteza mtandao. Wakauliza njia. Mmoja akawaelekeza juu, mwingine akawarudisha chini. Simu ya Nakhle ilikuwa haipatikani tangu jana. Mwishowe wakaliona lango la buluu, na ndani yake mzabibu mzee uliotanda juu ya ua wote, kama alivyoeleza. Ila magari yalikuwa yamejipanga pande zote mbili za barabara.

"Kaalika kijiji kizima!" alisema Jamile.

Wadiha akapandwa na hasira. "Kaniletea mashahidi?"

Akaingia kwa kishindo, na blauzi yake ya rangi ya komamanga, akakuta safu za viti vya plastiki na watu waliovaa nyeusi, kimya. Ramza akalisukumia boksi ndani ya mtandio. Kurudi nyuma hawakuweza, kwani watu walikwisha kusimama kuwapokea. Wakapita wakishika mikono. Mungu amrehemu. Poleni. Mungu amrehemu.

"Nani kafa?" Wadiha alinong'ona walipoketi.

"Utaulizaje sasa?" Jamile alijibu, kabana meno. "Umewapa pole watu ishirini, halafu uulize nani kafa?"

Mwanamke wa kiti cha jirani alikuwa anamsimulia mwenzake. "Jana asubuhi mzima kabisa. Kavuna safu mbili, kakaa kivulini, kaomba maji. Maji yanafika, mwenyewe hayupo. Na mizabibu hii yote kaipogoa yeye."

Wadiha alitazama upande wa wanaume, uso mmoja mmoja. Nakhle hakuwamo. Kwenye kiti cha mbele alikaa bibi kizee mwenye kitambaa cheusi. Bila shaka mama yake. Kando ya ukuta makreti ya zabibu yalisubiri kukamuliwa, nyigu wameyavamia. Simu iliyozimwa tangu jana. Akili ikamzunguka, kisha ikasimama, na hapo ndipo alipojua kwamba ndiyo yake ilikuwa tayari siku nyingi, kama nguo iliyokwisha kushonwa inayomngoja mwenyewe aje kuichukua. Akalia. Alilia kwa uchungu mpaka wanawake wakaanza kuulizana kwa macho huyu wa komamanga ni wa nani.

Jozi ya viatu ikasimama mbele yake. Akainua uso. Ni Nakhle, na birika la kahawa mkononi, na lile shati lenye mshono wake.

"Jirani yangu, Sarkis," alisema kwa sauti ya chini. "Ua wao mdogo, msiba tumeuweka kwangu. Nilitaka kukujulisha, mnara wa simu umezima tangu jana."

Akammiminia. Kahawa chungu, bila sukari. Jamile akamtia kiwiko.

"Rudisha kimya. Hapa ni matangani, hakuna daima."

Kama vile hakujua! Nani atakaye kahawa ya msiba isikome? Lakini kimya ndicho kilichokuwa hapana. Nakhle naye alilijua hilo. Alikitazama kikombe, si yeye. Wadiha angeweza kumngoja langoni amweleze. Lakini Sarkis naye alingoja maji, yakamkuta hayupo.

"Daima," alisema, tena kwa sauti.

Viti vikalia. Mtu akapiga ishara ya msalaba. Jamile akajifunika uso, Ramza akainuka kwa mshtuko, na boksi la halua likaanguka, utepe wa dhahabu juu.

"Kasema nini huyo?" aliuliza bibi kizee wa mbele.

"Kasema na mimi, Mama Tannus," alisema Nakhle, masikio yamemwiva. "Tunakuomba radhi. Msiba ni wako, jibu ni langu."

Bibi kizee, mjane wa Sarkis, alimtazama Wadiha, na blauzi, na halua.

"Ndiye yule fundi wa Zahle? Aliyekufanya uchane mashati?"

"Ndiye, mama."

"Mkasi ulikuwa wa Sarkis," alisema. "Kila jioni alikuwa ananiuliza, 'Yule mwanamke kasema nini?'" Akakivuta kiti kitupu kilichokuwa kando yake. "Njoo ukae hapa, mwanangu."