Binti wa Jalada

Wifi yangu ana ugonjwa wa kuwatia watu moyo. Ukilia mbele yake atakufuta machozi, kisha akupe na hotuba juu. Kwa hiyo alipoanzisha jarida la mabinti wa kiwanda chetu cha nguo, mimi mke wa kaka yake, ninayeshona kwenye mashine ya nyuma yake, sikushangaa. Nilimwambia tu, "Wifi, sisi tunataka viti vyenye mgongo, wewe unatuletea makala."

"Hata maneno yanaegemewa," akanijibu, akaendelea na mambo yake.

Aliliita Inuka Binti. Aliliandika jioni mezani kwetu, akisukuma sahani pembeni, na kiwanda kikakubali kulichapa bure. Hapo ndipo tulipopaswa kushtuka, maana kiwanda hichohicho kilitunyima hata sabuni ya chooni. Lakini mabinti walilipenda. Walisomeana wakati wa chakula, wakataniana kwa picha zao, wakazibandika vyumbani. Wifi akawa anatembea kifua mbele, na alistahili.

Halafu akamwandika Chapchap, mshona kola, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Chapchap alikuwa mjamzito, na alikuwa na ujanja wake. Hakukata uzi baada ya kila kola. Alizishona mfululizo, zikining'inia nyuma ya mashine kama shanga, kisha akazikata zote kwa mkupuo. Nafasi aliyoipata aliitumia kwenda chooni na kunyoosha mgongo. Mstari mzima tulijua, na tulifunga midomo, kwa sababu msimamizi akigundua kazi inaweza kwenda haraka, anaongeza kazi.

Wifi naye alijua. Lakini alitaka rafiki yake aonekane, akaamini wakubwa wakisoma watampandisha cheo. Akaandika ukurasa mzima, hatua kwa hatua. Chapchap aliambiwa habari ya picha tu. Kwenye jalada anacheka, na chini yake pameandikwa "Unaweza!"

Msimamizi alikuja na jarida mkononi. "Kumbe mnaweza!" akasema. Tangu siku ile washona kola wote wakatakiwa kushona vile, na idadi ya kola ikapandishwa mpaka ile nafasi ikamezwa yote. Chapchap akawa anaomba ruhusa ya choo kama sisi wengine, na kunyimwa kama sisi wengine. Akashindwa kufikisha idadi iliyotokana na ujanja wake mwenyewe. Wakamwachisha kazi, mimba ikiwa inaonekana wazi kwa kila mtu.

Akiondoka alisimama kwenye mashine ya wifi. Hakufoka. "Umeniandika vizuri, shoga yangu. Lakini si ungeniuliza kwanza?"

Wifi, mwenye neno la kila mtu, aliinamia mashine yake. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikamkasirikia.

Jarida limekufa. Meneja aliomba toleo jingine, wifi akasingizia macho. Lile jalada walilikuza wakalibandika kando ya mlango wa choo, na Chapchap bado anacheka pale.

Juzi tuliletewa binti mgeni, mwepesi wa mikono, akawekwa jirani na wifi. Akamwita kwa furaha, "Dada, njoo uone, nimepata njia rahisi ya hizi kola!"

Wifi hakugeuka. "Shona, mdogo wangu," akasema. "Ila mimi usinionyeshe."