Penalti za Fundi Cherehani

Fundi cherehani wa mlango wa pili, kwa maelezo ya swahiba wake kinyozi, alikuwa bingwa wa mpira. Basi tu makocha hawakuwa na namba yake ya simu. Tangu ujana wao walishabikia timu moja, yenye kipaji cha pekee cha kufungwa dakika za mwisho. Fundi alitazama mechi kwa kinyozi, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akimtukana refa mpaka vioo vinatetemeka. Timu yao ikipata penalti, alitoka mbio. Jicho lake, alidai, lina nuksi. Alisimama kibarazani, mgongo mlangoni, akiviringisha tepu vidoleni.

"Vipi, ndugu yangu?" angeuliza bila kugeuka.

"Amepaisha."

"Si nimetoka lakini?"

"Labda ungeenda mbali zaidi."

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi ya fundi, timu ikapata penalti. Kinyozi alimwacha mteja na kichwa nusu kimenyolewa, akautazama mlango badala ya runinga. Watu wakalipuka kwa shangwe. Akatoka kibarazani, mashine bado inanguruma mkononi.

"Amefunga," akasema. "Kumbe ulitakiwa uende mbali kiasi hiki."